Jitu la Kichuguuni

Fundi Gozbert alikuwa mtu wa kubomoa. Waulize wale aliowajengea kabla watu hawajahamishiwa vijijini: alikuwa anapandisha ukuta hadi kozi ya tisa, anashusha timazi yake, anakuta uzi umeachana na tofali upana wa kidole, basi anaupiga teke ukuta wa siku tatu, mwenye nyumba akitazama mdomo wazi. Mapadri waliomfunza uashi walimwambia kwamba ukuta uliopinda ni uongo uliosimama, na neno hilo lilimwingia hadi mfupani. Sasa mtu wa namna hiyo, mwaka wa themanini, vita imekwisha na sabuni haionekani dukani, ndiye aliyelijenga lile jitu la Nyarukore. Alilijenga kwa mikono yake mwenyewe, akijua tangu siku ya kwanza kwamba ni takataka.

Usimcheke. Ngoja kwanza usikie alivyonaswa.

Nyarukore kilikuwa kijiji cha Operesheni, upande wa Biharamulo, nyumba zimepangwa mistari na hakuna aliyejichagulia jirani. Wasubi na Wazinza waliokuwa na migomba yao huko mabondeni walisombwa kwa malori wakamwagwa hapo; Wasukuma wakaja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakaongezwa hapo hapo. Vita ilipolipuka, vijana kumi na wanane wa mgambo wa kijiji walipanda lori kwenda kupigana. Saba walirudi. Kumi waliandikiwa karatasi za jeshi kwamba wamekufa. Mmoja hakurudi wala hakuandikiwa kitu, na huyo ndiye Ansbert, mtoto pekee wa Gozbert na mkewe Clotilda.

Mwenzake mmoja alisema mara ya mwisho alimwona ng'ambo ya mpaka akiingia kwenye matete ya kinamasi, bunduki ameibeba juu ya kichwa. Kisha mabomu yakaanguka, hakumwona tena. Basi, wenye midomo wakapata la kutafuna: mara katoroka, mara kaoa huko huko, mara kaonekana Kabanga akibadilisha fedha mpakani. Clotilda aliyasikia hayo kisimani kila asubuhi, ndoo kichwani.

Na matanga hayakukaliwa. Kwa watu wa huko, mtu akifia mahali ambako maiti yake haipatikani, ukoo hukata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika, na mama mtu akapata pa kulilia. Lakini wazee wa ukoo walikataa katakata. Walisema ukimzikia mtu mgomba naye bado anapumua, umemuua wewe mwenyewe kwa mkono wako. Kijana alichukuliwa na serikali, basi serikali itamke kwanza kwamba amekufa. Clotilda akakaa mwaka na nusu hana mtoto, hana kaburi, hajanyoa nywele, na kila jioni anabakiza chakula sufuriani kwa ajili ya mtu ambaye hajui kama bado ana mdomo wa kulia.

Kwa hiyo kamati ya kijiji ilipokubaliana kujenga mnara wa mashujaa, Gozbert alijitolea bila kusukumwa. Aliuchora kwa kijiti mchangani: nguzo ya mawe, futi kumi na mbili, msingi umeshuka hadi kwenye mwamba, na mbele yake bamba la zege lenye majina kumi na moja. Kumi na moja, alisema, siyo kumi. Mwenyekiti wa kijiji, Kazimili, Msukuma mpole asiyependa ugomvi hata na mbuzi, aliitikia kwa kichwa. Saruji iliyopatikana ilikuwa mifuko sitini, na kwa nguzo ile ingetosha na nyingine ikabaki.

Kisha Katibu Kata, bwana mmoja aitwaye Malongo, akapita kijiji cha jirani akakuta wameinua mwenge wa futi ishirini.

Yule bwana alirudi amevimba. Alikuwa mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi hata siku ya kazi ya shamba la ujamaa, kalamu tatu mfukoni, na jembe la kushika wakati wa kupigwa picha tu. Akaita mkutano, akatangaza kwamba Nyarukore haitajenga kijiti, itajenga jitu. Askari mkulima wa futi arobaini, bunduki mgongoni, jembe ameliinua kwa mikono miwili kuelekea barabara kuu, ili kila kiongozi anayekwenda Ngara alione. Watu wakapiga makofi, maana wakati ule usipopiga makofi wewe nani? Gozbert peke yake aliuliza saruji ya futi arobaini itatoka wapi. Akajibiwa kwamba saruji ni ile ile, kitakachoongezwa ni moyo.

Ama kweli. Zege halijui moyo wa mtu. Zege linajua ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, nondo katikati, na kumwagiwa maji siku saba chini ya magunia ili lisiungue na jua. Ukilidanganya haligombi wala halilalamiki. Linanyamaza, likingoja siku yake.

Malongo alikuwa amekwisha kuona na njia ya kupata urefu wa bure. Pembeni ya uwanja palikuwa na kichuguu kikubwa, upana wake nyumba nzima, kikavu, hakina hata jani, na kwa misimu mitatu hakuna aliyewaona kumbikumbi wakiruka hapo. Akasema kimekufa. Akaagiza kikatwe kichwa kipate kuwa tambarare, na jitu lisimamishwe juu yake.

Sasa kichuguu kile kilikuwa na mwenyewe, Bibi Deodata. Wageni hucheka wakisikia hivyo, lakini huko kichuguu ni mali; hurithiwa, hupelekwa baraza, na ukitega kumbikumbi kwenye kisicho chako utajua rangi ya panga. Hicho aliachiwa na baba mkwe wake, kabla Operesheni haijachora uwanja juu ya mji wao. Alimkuta Gozbert akipima, akaketi chini, miguu ameinyoosha. Gozbert akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba macho yakiwa kwenye udongo. Kisha akamwambia kwamba kichuguu ni kizima kabisa. Kumbikumbi hawaonekani kwa sababu siku hizi hakuna wa kukifunika kwa majani awatege. Wanatoka mvua ikinyesha, watu wamejifungia ndani, na asubuhi ndege wamekwisha kuwamaliza. Kama fundi alitaka hakika, alisema, alaze sikio hapo asikilize.

Gozbert hakulaza sikio. Alichukua nondo ya nusu inchi, akaisimamisha, akaipiga nyundo. Pigo la kwanza iliingia kidole kimoja, la pili vidole viwili. La tatu ilimponyoka mkononi ikazama futi sita kwa mkupuo, na kwenye tundu ikapanda pumzi ya joto yenye harufu ya uyoga. Humo ndani mlikuwa na vyumba, njia na maghala, mji mzima wa mchwa, na ndipo Malongo alipotaka kutwika tani arobaini za zege.

Alikwenda ofisini hivyo hivyo, magoti yana vumbi. Alieleza juu ya uwazi ulioko chini, akaomba kazi ihamishiwe ng'ambo ya uwanja penye mwamba, na urefu urudi futi kumi na mbili. Malongo alimsikiliza hadi mwisho huku anachonga penseli kwa wembe. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alifungua daftari lake, akalisukuma mbele ya fundi. Majina kumi ya mashujaa yalikuwa yameandikwa kwa wino. La kumi na moja lilikuwa la penseli.

"Hili nimeliweka kwa huruma yangu," Malongo alisema. "Karatasi ya jeshi sina. Na penseli, fundi, hufutika. Upande wa pili wa daftari hili nina orodha ya watoro."

Gozbert akatoka, akatema mate nje ya mlango, akaenda nyumbani. Huko alimkuta Clotilda uso umemchangamka, jambo ambalo hakuliona tangu lori lile liondoke. Wazee wa ukoo walikuwa wamepita. Walikubali kwamba siku ya kuzindua jitu, mgeni rasmi atakapolisoma jina la Ansbert mbele ya watu, hiyo itakuwa sauti ya serikali, na kesho yake mgomba utazikwa. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Clotilda aliiosha sufuria ikabaki tupu. Gozbert angemwambia nini? Asubuhi akachukua mwiko na timazi akaenda kichuguuni.

Kazi gani ile. Wanawake walivunja kokoto kwa nyundo mpaka kucha zikapasuka, wakachota maji mtoni mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Wanaume walifunga jukwaa kwa kamba za magome, wakapandisha zege kwa makarai, mtu kwa mtu, wakiimba. Ungelipita barabarani ungeliwaonea fahari. Lakini Gozbert alisimama katikati yao na harufu ya uongo imemjaa puani. Nondo zilizoletwa zilitosha mguu mmoja tu. Malongo akaamuru mguu wa pili utiwe nguzo za mikaratusi, zichimbiwe chini kwenye kichuguu zipate kushika.

Miti! Miti mikavu, ndani ya zege bovu, juu ya mchwa. Hakuna mtu pale ambaye nyumba yake haikuwahi kuliwa na mchwa. Kila mmoja alijua kwamba wanawapelekea wadudu chakula mlangoni. Na kila mmoja alishika nguzo yake, akaipandisha, akaimba. Gozbert aliwatazama akawachukia, kisha akatazama mikono yake iliyokuwa ikizipanga nguzo hizo akajichukia zaidi. Siku hiyo alirudisha ugali wake haujaguswa.

Kufika kwenye mapaja ya jitu saruji ilikuwa imebaki nusu. Hapo ikatoka amri mpya: ndoo moja ya saruji, tano za mchanga, tisa za kokoto. Gozbert alimimina tofali moja la mchanganyiko huo, akalimwagia maji siku saba kwa heshima zote, kisha akalibeba hadi ofisini. Mbele ya Malongo na Kazimili akaliachia kutoka usawa wa tumbo. Lilipogonga sakafu likawa makombo ya ugali wa juzi. Malongo akakung'uta viatu vyake. Kazimili akaikagua kofia yake ndani na nje.

Na jembe nalo! Lilichomoza mbele futi sita nzima, upande wa mteremko, na nyuma hakuna kitu cha kulivuta. Gozbert aliomba basi bunduki ya mgongoni ijazwe mawe iwe nzito, jitu lipate kusawazika. Akaambiwa bunduki nene itaonekana mwiko wa ugali. Uso ulibomolewa mara tatu kwa sababu Malongo hakupenda kidevu. Kwa kidevu, saruji ilipatikana. Nyufa zilipoanza kuonekana gotini, Gozbert aliambiwa azizibe kwa niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, na apake chokaa, naye akaziba, akapaka. Alisema baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyojiona mchafu kuliko zote, maana zege bovu unaweza kumsingizia aliyekuamuru, lakini niru juu ya ufa ni mkono wako mwenyewe unaofunika.

Kitu kimoja tu alikijenga kwa haki, nacho ni bamba la majina. Mifuko miwili ya kwanza kabisa aliitenga, akamwambia Kazimili waziwazi, na Kazimili akajifanya hakusikia. Mchanga wake aliuosha mara nne. Kokoto alizichagua moja moja. Alilifunika kwa magunia na majani ya migomba, akalinywesha maji siku kumi badala ya saba, kisha akachonga herufi kwa patasi na msumari. Clotilda alikuwa hajui kusoma. Kila alasiri alifika, akahesabu mistari kutoka chini, wa kwanza, akapitisha kidole ndani ya herufi za ANSBERT kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi zake nyumbani.

Sherehe iliwekwa mwezi wa kumi na moja. Siku nne kabla yake mvua za kwanza zilinyesha, mvua nene, na udongo ukalainika.

Asubuhi ya sherehe Gozbert alipanda ngazi akatundika timazi kwenye kidevu cha jitu. Jumatatu uzi ulikuwa umeachana na kifua vidole viwili. Sasa ilikuwa shibiri nzima. Akashuka hadi mguu wa mikaratusi, akakuta udongo mwekundu wa mchwa umepanda juu ya chokaa mpaka gotini. Akabandua kipande kwa mwiko. Ndani yake nguzo ilikuwa ganda tupu, akaligusa likaporomoka unga.

Na watoto wa shule walikuwa wamekwisha kufika. Sitini, mashati meupe, bendera za karatasi mikononi, wamepangwa kwenye ngazi zilizochongwa kichuguuni kati ya miguu ya jitu, chini ya jembe lile, wanafanya mazoezi ya wimbo.

Alimwendea Malongo. Hakuomba sherehe ivunjwe, hakuomba lolote juu ya jitu. Aliomba watoto tu wahamishiwe ng'ambo ya uwanja. Malongo, kalamu tatu kifuani, alimjibu kwamba mgeni anataka picha na watoto wakiwa miguuni pa shujaa, na kwamba sherehe ikiisha jitu litavutwa kwa waya. Kisha akaligusa daftari lake mfukoni.

"Leo jina linasomwa, fundi," alimwambia kwa upole. "Mpaka saa nne tu. Utashindwa kuvumilia mpaka saa nne?"

Gozbert alitazama walipoketi watu. Mstari wa mbele alikuwa Clotilda, amevaa kitenge alichokiweka sandukuni tangu kabla ya vita. Shuka jeupe la kuvika mgomba lilikuwa limekwisha kufuliwa nyumbani. Mpaka saa nne tu, na mwanamke huyu angempata mtoto wake akamzika. Mpaka saa nne, na huenda jitu lingesimama. Takataka nyingi husimama. Angepiga kelele, mgambo wangemburuta, na watu wangesema mzee ana wivu au amerukwa na akili. Hapo ndipo alipoichukua nyundo na patasi, akapiga magoti mbele ya bamba.

Alianza na herufi ya kwanza ya ANSBERT. Bamba lilikuwa gumu, alilitengeneza vizuri mno, na kila pigo lilitoa cheche. Watoto wakaacha kuimba. Mlio wa patasi ukasikika uwanja mzima, na watu wakasimama kuona, kwa maana hapakuwa na mtu Nyarukore asiyejua Gozbert alilijenga jitu lile kwa ajili ya nini. Clotilda akaja hadi nyuma yake. Gozbert alidhani atampiga.

"Baba Ansbert, unafanya nini?"

"Namtoa chini ya kitu hiki," alisema. "Kinaanguka."

Clotilda aliinua macho akalitazama jembe. Akatazama ngazi. Alikwenda hadi mwisho wa mstari wa watoto, akamshika mkono wa kwanza, binti mdogo wa jirani, akamwongoza ng'ambo ya uwanja.

Bibi Deodata akafuata, fimbo mkononi. Wake alikuwa wa nne kutoka juu, kitindamimba wake, na karatasi ya jeshi alikuwa nayo. Akamwonyesha Gozbert mstari kwa fimbo, akamwambia amtoe na huyo. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, bila fujo, mama na baba, na kila aliyekwisha kuonyesha mstari wake alipita kwenye ngazi akachukua mtoto. Malongo alikuwa anapiga kelele kuita mgambo, na mgambo walikuwa wanatazama viatu vyao. Mwisho Kazimili akavua kofia, akamwambia mwalimu kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake awaondoe watoto wote waliobaki.

Mgeni rasmi alipofika alikuta bamba lenye makovu kumi na moja na umati umesimama mbali. Alilitazama jitu, akawatazama watu, akatoa hotuba fupi akiwa ameshika mlango wa gari lake. Hakuna jina lililosomwa. Gari lake halijapotea barabarani, Gozbert akatiwa kwenye ghala la kijiji pamoja na marobota ya pamba na majembe, mlango ukafungwa kwa kufuli.

Na jitu halikuanguka. Siku hiyo halikuanguka, wala kesho yake. Watu wakaanza kunong'ona tena. Malongo alipita chini ya jembe asubuhi na jioni, mikono nyuma, ili aonekane. Clotilda alileta chakula ghalani, akakipitisha chini ya mlango, akaondoka hapo hapo, na Gozbert, amekaa juu ya pamba, alijiuliza kama hakumnyang'anya mkewe kaburi la mwanawe bure.

Siku ya tatu, mchana, mvua imekatika na jua limetoka, aliisikia. Kwanza mlio mkavu, mti unapovunjika. Kisha kimya kifupi. Kisha ghala zima likatikisika na vumbi likamwagika kutoka darini. Mguu wa mikaratusi ulikuwa umepiga goti, kichuguu kikapasuka chini yake, na jitu likaanguka kifudifudi. Kichwa, na kidevu chake cha mara tatu, kilikuja kulala juu ya ngazi ile ile. Hapakuwa na mtu. Kwenye goti lililovunjika ilichomoza miti, na mchwa wakitoka.

Haikupita saa moja kufuli ikafunguliwa. Malongo aliingia na suti yake ina matope hadi magotini, akaketi juu ya robota, akafungua daftari. Alisema kwamba wakubwa wanatuma watu kuchunguza. Jina la Ansbert bado lilikuwa pale, kwa penseli. Angeliandika kwa wino sasa hivi, na Jumapili angelisoma mwenyewe hadharani, na muhuri juu yake, mama mtu akazike. Fundi atie sahihi tu kwamba jitu limeangushwa na kokoto mbovu, kwamba wanawake walichanganya udongo kwa uvivu.

Nisikufiche, Gozbert alilitaka. Kwa muda wa pumzi moja alilitaka lile jina la wino kuliko kitu chochote duniani, na alikwisha kuunyoosha mkono kuelekea kalamu. Kisha akaziona akilini kucha zilizopasuka za wale wanawake. Akatema mate sakafuni, katikati ya viatu vya Katibu.

"Andika ukweli nitie sahihi," alisema. "Saruji moja, mchanga tano, kokoto tisa, miti mguu wa kushoto, juu ya kichuguu. Aliyeamuru ni Malongo. Aliyechanganya na kupaka chokaa ni Gozbert."

Malongo akatoa kifutio mfukoni, akalifuta jina la kumi na moja polepole, fundi aone, akapuliza vumbi lake. Kisha akafungua upande wa pili wa daftari, akaandika huko kwa wino.

Gozbert alikwenda nyumbani kupitia uwanjani. Bibi Deodata alikuwa amekwisha kukizungushia kichuguu chake majani, anakitengeneza kwa ajili ya mvua ya jioni, na alipomwona fundi akampungia mkono. Fundi hakusimama. Njiani alitafuta maneno ya kumwambia Clotilda kwamba mtoto wao sasa ni mtoro kwa wino.

Hakumkuta ndani. Alikuwa nyuma ya nyumba, migombani, panga mkononi, kichwa amekinyoa. Shina la mgomba, urefu wa kijana mrefu, lilikuwa limelazwa juu ya mkeka, limefunikwa lile shuka jeupe. Gozbert akamwambia yaliyotokea ghalani, yote. Akamkumbusha na wazee, kwamba watakuja juu.

"Wazee wanangoja serikali," Clotilda alisema. "Mimi niliyemzaa nasema amekufa. Chukua jembe, Baba Ansbert."

Akachimba. Alichimba alasiri nzima, udongo umelainika kwa mvua, na Clotilda ameketi kando ya mkeka akiwafukuza nzi kwenye shuka. Kaburi lilipofika kina, Gozbert akapanda juu, akafunga uzi kwenye kona nne, akatoa timazi mfukoni akaishusha kila upande. Pande tatu zilikuwa sawa. Upande wa mashariki ulikuwa umeachana na uzi kidole kimoja. Akashuka tena shimoni na sepeto, akaanza kuunyoosha, na mkewe akamngoja.